Mara ya Nne

Salt, 7 Oktoba 2004

Dada Farangis,

Salamu baadaye, kwanza hasira. Umetutia mchanga kwenye kitumbua, kisha asubuhi yake ukapanda ndege kurudi Ahvaz ukiwa unatabasamu.

Huenda hujui ulichofanya, kwa hiyo nakueleza polepole. Alhamisi iliyopita hatukwenda kwa Abu Nayif kumjulia hali. Tulikwenda kama washenga. Huku mtu akiwa na ombi zito, posa au msamaha wa damu, hukusanya watu wa heshima wakaenda nyumbani kwa mwenye jambo. Wanamiminiwa kahawa, na mkubwa wao anakiweka kikombe chini bila kukigusa, anasema ombi. Mwenye nyumba akiridhia husema, "Kunyweni kahawa yenu," na jambo limekwisha, hakuna wa kulifungua tena. Haya yote nilikufundisha kwenye gari.

Na ulianza vizuri hata nikajivuna. Ulikiweka kikombe chini. Ukasema kwa Kiarabu chako cha Ahvaz kwamba mtambo wetu wa mwanga mkali, wa kuona kilichomo ndani ya vitu vidogo kama vumbi, umelala kwenye makasha tangu tulipopewa na Wajerumani. Ukasema nchi zetu, ambazo hazisalimiani, zimejenga pamoja nyumba ya kuuweka hapa kilimani, na kwamba lori la kubeba sumaku zake haliwezi kupinda kona ya chemchemi, kwa hiyo tunaomba lipite kwenye matuta ya mizeituni yake. Mzee akatazama shamba lake kupitia mlangoni. Akasema, "Kunyweni kahawa yenu. Njia ni yenu."

Na wewe ukajibu nini? "Hapana, hatustahili." Akarudia. Ukasema, "Haiwezekani, mizeituni ya marehemu baba yako." Akarudia tena, na uso umeshabadilika. Ukasema, "Tusikusumbue, mzee, acha tu." Kisha ukanywa kahawa. Mimi niko mlangoni naomba ardhi ipasuke. Na kwa kuwa mkubwa wa ujumbe ndiye pekee anayesema, sikuweza hata kukohoa.

Sasa amepanga mawe njiani, makubwa kama mbuzi waliolala. Ukimuuliza anasema, "Niliwapa mara tatu mbele ya watu, wakakataa mara tatu." Na Katibu wa Baraza linalosimamia mtambo, ambaye tangu mwanzo hakuutaka, amefurahi. Anasema kama mwisho wa Machi utafika sumaku haziko chini ya paa, ataliambia Baraza tumeshindwa na mtambo uuzwe chuma chakavu.

Watu hapa kituoni wanasema ulitumwa, kwamba serikali yako ilikuagiza uvuruge mambo kwa adabu. Nimewaambia wafunge midomo. Lakini niambie mimi mwenyewe, kwa nini ulikataa?

Hiyam


Ahvaz, 29 Oktoba 2004

Hiyam jan,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nimetumwa? Serikali yangu hainitumi hata kununua chaki.

Sikiliza, binti wa watu. Kwetu mtu akipewa kitu akakidaka papo hapo, watu huuliza alilelewa na nani. Dereva wa teksi nikimpa nauli husema, "Acha tu, dada, ni zawadi," na nisipomsihi aipokee atanifuata mpaka mlangoni. Mwenye duka hivyo hivyo, mama mkwe hivyo hivyo. Tunaiita taarof. Anayetoa anatoa, anayepewa anakataa, anayetoa anashikilia, mpaka kila mmoja ajue kwamba mwenzake anamaanisha. Mtu ananipa ardhi ya baba yake, na wewe ulitaka niseme "asante" kama niliyepewa kibiriti? Nilikataa mara tatu ili atoe kwa moyo mweupe. Nilikuwa nangoja mara ya nne.

Kahawa niliinywa kwa sababu ilikuwa inapoa. Na alipoinuka kwa ghafla ile, nilidhani anakwenda kuleta hati ya shamba.

Ulinifundisha kuomba, Hiyam. Hukunifundisha kupokea. Kosa ni letu sote wawili, nami nabeba langu. Nimetia humu barua ya kumwomba radhi. Mpelekee.

Lakini hilo la kutumwa usilirudie. Unajua nina nini darini. Kila dhoruba ya vumbi ikija natandaza masinia, nikikusanya natia kwenye chupa, naandika upepo ulitoka wapi. Vumbi hilo limepita Irak kabla ya kufika kwetu, nalo linaingia vifuani mwa watoto wa Basra na wa Ahvaz bila kuuliza baba zao walipigania upande gani. Nataka kujua lina nini ndani. Maabara za Ulaya zenye mwanga wa kulisoma hunijibu kwa barua tamu tamu, mpaka wanapofika kwenye pasipoti yangu, hapo wino unawakaukia. Mtambo huo wa kilimani kwenu ndio pekee ambao nina haki nao kama mtu mwingine yeyote. Samaneh, mtoto wa dada yangu, ana miaka sita na analala amekaa kwa sababu akilala chali hapumui. Ukiuzwa chuma chakavu, chupa zangu ni mapambo ya dari.

Wako,
Farangis


Salt, 25 Novemba 2004

Dada,

Nilipofika kwenye hati ya shamba nilicheka mpaka mama akaja kuniangalia. Nisamehe kwa lile la kutumwa. Mdomo wangu una mbio kuliko akili.

Barua yako nilimpelekea Abu Nayif. Yuko kwenye kuvuna zeituni, mashuka ya wajukuu yametandazwa chini ya miti, yeye juu ya ngazi na fimbo. Nikamsomea akiwa hukohuko juu.

"Mara nne?" akasema. "Na wakienda kuposa? Bibi harusi si ataota mvi?"

"Ndiyo desturi yao, mzee. Alikuwa anakuheshimu."

"Sijakataa. Lakini alikataa mbele ya watu, kwa mdomo wake, ndani ya nyumba yangu. Wewe unaniletea karatasi. Nilitukanwa kwa karatasi?"

"Hukutukanwa."

"Mimi ndiye nijuaye kama nilitukanwa. Ulimi uliokataa ndio uombe. Aje akae palepale alipokaa, aombe tena, nami nitajua la kusema."

"Yuko Ahvaz, mzee."

"Ndege zimepigwa marufuku?"

Kisha akanipa kikapu cha zeituni nikupelekee. Ndiyo alivyo, anakufungia mlango huku anakupitishia chakula dirishani. Nimempigia Katibu, nimegombana na watu wawili wa viza, na mwaliko wako huu hapa ndani. Njoo Januari. Keti, weka kikombe chini, omba, na akisema "kunyweni", Dada, kunywa.

Hiyam


Ahvaz, 20 Desemba 2004

Hiyam jan,

Asante kwa mwaliko. Sitaweza kuja. Muhula umekuwa mzito, na goti langu linanisumbua kwenye ngazi. Nenda wewe badala yangu. Wewe ni mtoto wa pale, mzee atakusikia.

Zeituni sijaziona. Huenda postamasta anazipenda.

Farangis


Salt, 14 Januari 2005

Farangis,

Leo sikuiti Dada. Theluji imefunga barabara na nina muda wote wa kukukasirikia.

Goti? Goti hilohilo lilipanda mlima wa kituo mwezi wa Septemba ukaniacha nyuma nahema kama punda. Muhula mzito? Umefundisha miaka yote vita vikiwa mjini kwako, leo muhula ndio mzito.

Jana Katibu alikuja na mnunuzi wa vyuma. Alimfungulia makasha mbele yetu, na yule mtu akawa anazigonga sumaku kwa fimbo kama anayechagua matikiti. Sumaku ambazo mimi na wewe tuliandika barua kwa muda gani ili tupewe. Nilimpokonya fimbo. Katibu akakunja leso yake, ile anayoikunja kabla ya kusema neno baya, akasema, "Dada Hiyam, wenzako wenyewe hawaji. Wewe unampigania nani?"

Hilo ndilo lililoniuma.

Nimekuomba mara moja, umekataa. Hii ni ya pili. Kama na huku kukataa ni adabu ya kwenu, niambie nihesabu mpaka wapi. Na kama ni kitu kingine, niambie hicho.

Hiyam


Ahvaz, 5 Februari 2005

Hiyam jan,

Goti langu ni zima. Kinachoumwa ni pasipoti. Iko kwenye droo ya afisa mmoja wa serikali tangu niliporudi, na ufunguo wa droo anao yeye.

Unakumbuka mwandishi wa gazeti aliyetupiga picha kwa Abu Nayif? Picha ilitoka. Katikati niko mimi na kikombe changu, na aliyeketi bega kwa bega nami ni Gershon wa Haifa, ameniinamia. Hapa kuketi na mtu wa nchi yake ni kosa. Alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini kama ni haramu kuomba sukari kwenye kahawa ile. Sasa wameandika karatasi ya kunisubiri. Inasema kwamba nilidanganywa, sikujua mtu yule ni nani, na ningejua ningeinuka nikaondoka. Nikiisaini, pasipoti yangu naipata siku hiyohiyo. Afisa mwenyewe ni mpole. Kila nikienda ananiagizia chai.

Nilijua, Hiyam. Nilijua jina lake na mji wake. Jana yake usiku tulibishana kuhusu serikali yake na yangu mpaka wahudumu wakazima taa za ukumbi, hakuna aliyemkubalia mwenzake hata nukta, kisha tukahamia kwenye vumbi, na mtu yule akanionyesha njia ya kuchuja sampuli ambayo sikuijua. Sikumpenda wala sikumchukia. Tulikuwa kazini.

Mwenye nguvu mpishe, husema watu. Nimepisha sana. Nimepisha vyeo, nimepisha safari, nimepisha vijana wasiojua kushika chupa wakawa wakubwa zangu. Hapa sipishi. Nikisaini, nitakuja kuketi kwa mzee wako niombe njia ya nyumba ambayo maana yake yote ni kwamba watu kama mimi na Gershon wanaweza kukaa chumba kimoja wakafanya kazi, na mfukoni nina karatasi inayosema sikukaa. Hiyo nyumba nitaiingia na uso gani?

Sikukuambia kwa sababu naujua moyo wangu. Samaneh amelazwa tena wiki hii. Wewe ukiniomba nisaini, sitaweza kukunyima. Usiniombe.

Farangis


Salt, 6 Machi 2005

Dada yangu Farangis,

Nakiri, karatasi ya kwanza niliyokuandikia ilikuwa na neno moja tu, "Saini." Niliitia kwenye jiko la mkaa. Kisha nikavaa koti.

Nilikwenda chumba kwa chumba. Wajumbe walikuwa wameshaanza kuingia kwa kikao cha mwezi huu. Nikawaambia kila mmoja, vaa vizuri, tunakwenda kuposa. Yule wa Ankara na yule Mgiriki wa Kupro, ambao vikao viwili hawajapeana hata habari za asubuhi, niliwaweka kiti cha nyuma pamoja kwa sababu gari lilikuwa dogo. Daktari Khattak wa Peshawar alivaa kofia yake ya sufu. Mama Sawsan wa Nablus, unamjua ulimi wake, akasema, "Nitakaa karibu na Gershon kwa ajili ya Farangis. Asije akadhani ni kwa ajili yake." Gershon akasema hadhani.

Kwa Abu Nayif tuliketi, nikaacha mto wa katikati mtupu, palepale pako. Mwanawe Nayif akaja na birika. Alipofika kwenye mto mtupu akasita. Nikamwambia, "Mimina." Akamtazama baba yake. Mzee akainamisha kichwa kidogo kukubali, Nayif akamimina. Nikakiweka kikombe chini mbele ya mto. Wote wakaweka vyao.

"Mkubwa wenu nani?" akauliza mzee.

"Huyu ambaye hayupo."

"Nilisema aje."

"Amezuiliwa, mzee. Wamechukua pasipoti yake."

"Kafanya nini?"

"Aliketi na huyu," nikamwonyesha Gershon. "Wakapigwa picha. Wanataka aandike kwamba hakujua ni nani, na angejua angeinuka. Ana mtoto mgonjwa anayeutegemea mtambo, na akiandika wanamwachia, anakuja kwako. Amekataa kuandika."

Mzee akavuta tasbihi. "Picha hiyo ilipigwa wapi?"

Wallahi, Dada, sikuwa nimelifikiria hilo mpaka alipouliza. Nilikwenda pale kumwomba akuhurumie.

"Hapa," nikasema. "Kwenye mkeka huu."

Mzee akaiweka tasbihi chini. Kisha akaanza kusema taratibu, kama anayehakikisha amesikia vizuri. "Yaani mtu ameingia kwangu. Ameketi nilipomketisha mimi, kando ya mtu niliyemkaribisha mimi. Na sasa anaadhibiwa kwa kuketi hapo."

"Ndiyo."

"Na wanataka akane."

"Ndiyo."

"Na mgonjwa anaye, na kazi yake iko hapa, na bado amekataa kuikana nyumba yangu."

"Amekataa."

Akamgeukia Gershon. "Wewe sikupendi."

"Najua, mzee."

"Watu wa kwenu wana madeni yetu mengi."

"Najua, mzee."

"Lakini wa kukutoa sebuleni mwangu ni mimi. Si karani wa mahali pengine." Akainuka.

Roho ikanitoka. Nikadhani ya Septemba yamerudi, kwa sababu hakusema tunywe. Alitoka nje bila joho, theluji bado iko kwenye vivuli, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mawe yake. Akainama akashika la kwanza. Umri ule. Nayif akatupa birika akamkimbilia. Kisha wa Ankara akavua koti, na yule wa Kupro, na Gershon, na Khattak, na Mama Sawsan akisimama kwenye tuta akiwaambia wanaume jinsi ya kubeba. Jiwe kubwa kuliko yote lilibebwa na Mturuki na Mkupro, wanatukanana kwa lugha mbili kuhusu nani avute upande gani. Mimi nililia, na sioni haya kukuambia.

Kahawa yote ilipoa ndani. Anasema anataka kukuandikia, lakini mpaka kazi iishe.

Hiyam


Salt, 27 Machi 2005

Kwa Bibi Farangis wa Ahvaz,

Asalaam alaykum. Anayeandika ni Hiyam, anayesema ni mimi, Abu Nayif. Nimemwambia asiongeze chumvi.

Malori yamepita jana. Mizeituni iliyokuwa njiani tuliing'oa na mizizi yake na udongo wake, tukaihamishia upande wa chini. Mmoja huenda ukafa. Baba yangu angenigombeza, kisha angefanya hivyohivyo. Masanduku yenu yako chini ya paa. Yule mwenye leso alikuja na karatasi zake kuniambia nisitie saini chochote kabla ya kikao. Nilimwambia hapa mwaka huu hakuna anayetia saini kitu, tumejifunza kwa mgeni wangu. Akanywa chai akaondoka, na jana Baraza limeamua mtambo unabaki.

Nilikukasirikia sana. Nilidhani umeiona zawadi yangu ndogo. Hiyam amenieleza desturi yenu mara nyingi mpaka nimeielewa, na bado nasema ni upotezaji wa muda. Lakini mtu anayekataa kitu kizuri kwa adabu, kisha akakataa kitu kibaya kwa nguvu zilezile, huyo nimemfahamu.

Njia niliitoa mara tatu, nawe ulikuwa unangoja. Basi sikia. Njia ni yako. Hii ndiyo ya nne.

Kikombe chako kiko palepale kwenye mto. Nimewakataza kukiondoa. Kila jioni Nayif anamwaga iliyopoa, anamimina ya moto.

Dhiyab Abu Zaarur, Abu Nayif


Ahvaz, 18 Aprili 2005

Kwa mzee wangu Abu Nayif,

Nimekubali.

Mdomo wangu ulitaka kusema hatustahili. Nimeuziba kwa mkono.

Chupa zangu za vumbi zimeondoka jana na mfanyabiashara wa tende anayepitia Kuwait. Hiyam atazipokea, na Gershon anajua jinsi ya kuzichuja. Mwambieni asitie sukari. Mtambo bado utachukua miaka kuwaka, najua. Samaneh ametoka hospitali jana, amechoka, anauliza kama mlimani kwenu kuna vumbi. Nimemwambia nitamletea jibu.

Pasipoti bado iko kwenye droo. Waliniita tena juzi. Afisa aliweka karatasi mezani, kalamu juu yake, na chai pembeni kama kawaida yake. Nilikichukua kikombe nikakiweka chini, mbali kidogo na mkono wangu. Akaniambia, "Kunywa, bibi, inapoa." Nikamwambia, sisi wa Salt hatunywi mpaka tupewe tulichokijia.

Alinisihi mara tatu. Ya nne hakuifikia. Nimemwambia nitarudi Jumamosi, na Jumamosi inayofuata, na kila Jumamosi, na kila mara aandae chai.

Mgeni wako,
Farangis Dezfuli